Mwongozo Kamili wa Kuuandaa Mwili kwa Usajili wa Polisi Nchini Kenya

Tangazo la kuwasajili makonstebo wa polisi nchini Kenya hutaja mambo mengi kwa vipimo vya wazi. Mwombaji awe raia wa Kenya mwenye umri wa kati ya miaka 18 na 28, awe amepata angalau alama ya D+ katika mtihani wa KCSE wa kumaliza sekondari, pamoja na D+ ya Kiingereza au Kiswahili, na awe na urefu usiopungua futi 5 na inchi 8 akiwa mwanamume, au futi 5 na inchi 3 akiwa mwanamke. Lakini tangazo hilohilo likifika kwenye nguvu za mwili, hutosheka kusema kwamba mwombaji awe timamu kimwili, kiafya na kiakili, bila kuandika ni kilomita ngapi zitakazokimbiwa wala kwa dakika ngapi. Matokeo yake ni kwamba vijana wengi huujua urefu wao hadi nusu inchi, ilhali hawajui wanachukua muda gani kukimbia kilomita mbili, na hicho wasichokijua ndicho kinachowachuja mapema uwanjani.

Mwongozo huu unamtaka msomaji ajiwekee mwenyewe kipimo ambacho tangazo halikumpa, kisha ajiandae kukifikia kwa muda wa wiki 12.

Kwanza, elewa unashindana na nini

Katika Uingereza na Wales, kipimo cha mbio kwa anayetaka kuwa polisi kimeandikwa na kinajulikana na wote. Mwombaji hukimbia kwenda na kurudi kati ya mistari miwili iliyoachana kwa mita 15, akifuata mlio unaozidi kuharakisha, na anatakiwa kufika ngazi ya 5 na mkimbio wa 4. Zoezi zima halizidi dakika nne, kipimo ni kimoja kwa wanaume na wanawake, na kila anayekifikia hufaulu hata wakiwa mia moja. Kinacholengwa ni mwili wenye uwezo wa kutumia takribani mililita 35 za oksijeni kwa kila kilo ya uzito wake katika dakika moja. Kwa kijana mwenye afya, kiwango hicho si kikubwa.

Hali ya Kenya ni tofauti. Usajili hufanywa kwa siku moja, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, katika viwanja vya wazi kote nchini, na kila kituo kina idadi maalumu ya nafasi. Vijana mia kadhaa wanapofika mahali penye nafasi chache, mbio hugeuka kuwa mashindano, kwa sababu maafisa hawana haja ya kuuliza nani amefikia kiwango wakati wanaweza kuwachukua waliotangulia. Umbali wenyewe huweza kutofautiana kati ya uwanja mmoja na mwingine. Kwa hiyo anayejiandaa ili "aweze kumaliza" amejiandaa kwa mtihani wa Uingereza, na akifika kwenye uwanja wa kwetu atamaliza kweli, lakini akiwa nyuma.

Kuna jambo la pili la kuzingatia, nalo ni kwamba tarehe huhama. Usajili wa Julai 2014 wa makurutu 10,000 ulifutwa na Mahakama Kuu kwa sababu ya dosari na ufisadi, na shughuli ikabidi irudiwe mwaka uliofuata. Usajili mwingine wa makurutu 10,000 uliopangwa kufanyika tarehe 3 Oktoba 2025 ulisimamishwa na mahakama, ukafanyika tarehe 17 Novemba. Aliyekuwa amejinoa kwa wiki mbili za mwisho pekee alipoteza makali katika ule mwezi na nusu wa kungoja, ilhali aliyekuwa na mazoezi ya miezi alipata muda zaidi wa kuyaongeza.

Pili, ukague mwili kabla ya kuuchosha

Anza na urefu, kwa sababu ndio usioweza kurekebishwa. Simama bila viatu, visigino, makalio na mabega yakigusa ukuta, na mtu mwingine aweke kitabu kigumu kichwani kwa pembe mraba na ukuta. Futi 5 na inchi 8 ni sentimita 172.7, na futi 5 na inchi 3 ni sentimita 160. Pima asubuhi na upime tena jioni. Sahani laini zilizo kati ya mifupa ya uti wa mgongo hubonyea kadiri mtu anavyosimama na kubeba vitu mchana kutwa, na hivyo mtu hupungua kwa karibu sentimita moja kufikia jioni. Kwa aliye kwenye mpaka kabisa, sentimita hiyo inampa sababu ya kufika kituoni mapema na kutokubeba mizigo asubuhi hiyo. Dawa na vifaa vya kuongeza urefu vinavyouzwa mitandaoni ni hasara tupu kwa mtu mzima ambaye mifupa yake imekwisha kufunga.

Kisha angalia mambo ambayo maafisa huyatazama kwa macho tu: meno, macho, masikio, magoti na nyayo. Jino lililooza litibiwe miezi miwili kabla, wala lisingoje wiki ya mwisho wakati fizi zitakuwa zimevimba. Macho yapimwe hospitalini, kwenye ile chati ya herufi inayosomwa kutoka umbali wa mita sita. Kuhusu nyayo, lowesha mguu na ukanyage sakafu kavu ya simiti; ukiona alama ya unyayo mzima bila upinde wa ndani, una nyayo bapa, na ni afadhali kulijua hilo na kumwona daktari kabla ya kutumia miezi mitatu kwa mazoezi kuliko kuambiwa mbele ya umati.

Uchunguzi wa daktari ni wa lazima hata kama huhisi ugonjwa wowote. Mweleze wazi kwamba unakwenda kuanza mazoezi mazito, upimwe shinikizo la damu, kiwango cha damu, na pumu ikiwa umewahi kubanwa na kifua. Napenda kusisitiza jambo moja ambalo halizungumzwi vya kutosha. Watu wengi wa pwani na wa maeneo ya Ziwa Victoria wamerithi jeni moja ya selimundu (ugonjwa wa damu uitwao sickle cell) bila kuwa wagonjwa. Mtu wa aina hii huishi maisha ya kawaida kabisa, lakini akilazimisha mbio za nguvu zote katika jua kali akiwa na upungufu wa maji, anaweza kuanguka na hata kupoteza maisha. Kuwa na jeni hiyo hakumzuii mtu kufanya mazoezi. Kunamtaka tu aongeze kasi polepole, anywe maji ya kutosha, na asimame mara misuli inapolegea ghafla badala ya kujikaza kisabuni.

Tatu, pata nambari yako

Mwaka 1968 daktari Mmarekani Kenneth Cooper alichapisha kipimo rahisi alichokitumia kwa wanajeshi wa anga: mtu akimbie kwa dakika 12, kisha umbali aliokwenda utumike kukadiria uwezo wa mwili wake wa kutumia oksijeni. Uzuri wake ni kwamba hakihitaji chombo chochote isipokuwa saa ya simu na uwanja uliopimwa.

Uwanja wa mpira wenye vipimo kamili una urefu wa mita 105 na upana wa mita 68, hivyo mzunguko mmoja kuufuata mstari wa nje ni mita 346. Viwanja vingi vya shule ni vidogo kuliko hivyo, kwa hiyo usiamini macho. Chukua kamba, ipime mita 10 kwa rula ndefu au futi ya fundi, uzunguke nayo uwanja mara moja na uandike jumla. Pasha misuli joto kwa dakika kumi, kimbia kwa dakika 12 kwa mwendo unaoweza kuudumisha, na uhesabu mizunguko.

Hesabu ya Cooper inasema kwamba ile mililita 35 ya Uingereza ni sawa na takribani mita 2,070 kwa dakika 12, yaani mizunguko sita ya uwanja kamili, kila mmoja kwa dakika mbili. Huo uuchukulie kuwa sakafu: usiyeweza kuufikia hujawa tayari kwa kazi hii mahali popote. Kwa ushindani wa viwanja vya Kenya, rai yangu ni kwamba mwanamume alenge mizunguko minane, yaani karibu mita 2,770, kila mzunguko kwa sekunde 90, na mwanamke alenge mizunguko saba, yaani karibu mita 2,420. Si vipimo vya serikali, na katika kaunti zinazojulikana kwa wanariadha kijana atahitaji zaidi. Lakini sasa una nambari, na mwenye nambari hujua kila wiki kama anasonga au anajidanganya.

Nne, wiki kumi na mbili za mbio

Kosa linalorudiwa zaidi ni kuanza kwa kasi. Kijana husikia tangazo, na kesho yake alfajiri anakimbia kilomita nane hadi anatapika, na kufikia siku ya kumi anachechemea kwa maumivu ya ugoko. Moyo na mapafu huzoea mbio kwa wiki chache, lakini mifupa na kano huchukua muda mrefu zaidi, na pengo hilo kati ya pumzi iliyokwisha kupatikana na mfupa ambao bado haujawa tayari ndilo linalozaa majeraha.

Katika wiki nne za kwanza, kimbia siku tatu kwa wiki, ukiachia angalau siku moja katikati. Kimbia dakika tano, tembea dakika mbili, rudia mara tano. Kila wiki punguza kutembea na uongeze kukimbia, hadi wiki ya nne uweze kwenda dakika 30 bila kusimama. Mwendo uwe wa mchakamchaka wa kawaida, yaani unaweza kuzungumza sentensi kamili na mwenzako. Ukishindwa kuzungumza, umeharakisha kupita kiasi. Hapa wengi huona aibu kwa sababu wanapitwa na watoto wa shule, lakini mwendo huu wa polepole ndio unaojenga msingi wa pumzi.

Kuanzia wiki ya tano hadi ya nane, ongeza siku ya nne. Siku mbili zibaki za mwendo wa mazungumzo. Siku moja iwe ya mbio ndefu, ukianza na kilomita sita na kufikia kumi. Siku iliyobaki iwe ya mbio za vipande: zunguka uwanja mara moja kwa kasi iliyo juu kidogo ya lengo lako, yaani kama unalenga sekunde 90 kwa mzunguko basi ukimbie kwa 80 hadi 85, kisha utembee dakika mbili, na urudie mara sita. Kipande cha sita kikiwa cha taratibu kuliko cha kwanza kwa zaidi ya sekunde tano, ulianza kwa tamaa. Mwisho wa wiki ya nane rudia kipimo cha dakika 12 na uandike matokeo kando ya yale ya mwanzo.

Wiki ya tisa hadi ya kumi na moja ni za kuuzoesha mwili hali ya uwanjani. Kimbia mara moja kwa wiki na kundi, kwa sababu mbio za umati zina vumbi, viwiko na hasira ya mwanzo ambayo mtu aliyezoea kukimbia peke yake haijui. Fanya zoezi moja saa nne au saa tano asubuhi jua likiwa limepanda. Kwa wasomaji wa Kilifi, Garissa au Turkana, hilo lifanywe kwa tahadhari na maji yakiwa karibu. Jizoeze kuanza nyuma na kuwapita watu polepole. Vijana wengi huchomoka kama mshale mita 300 za kwanza na huwa wamekwisha kufikia kilomita ya pili, na ni hao utakaowapita.

Wiki ya kumi na mbili ipunguze kazi kwa nusu. Mazoezi ya siku tatu za mwisho hayakuongezei pumzi tena, yanakuchosha tu. Na ikiwa tarehe itasogezwa mbele, rudi kwenye ratiba ya wiki ya tisa na uizungushe hadi tarehe mpya ijulikane.

Kuhusu viatu, vya mitumba vyenye soli ambayo haijaliwa upande mmoja vinatosha. Katika viwanja vya usajili wengi hukimbia pekupeku, na ukidhani huenda nawe ukahitaji kufanya hivyo, anza mapema kwa dakika tano za pekupeku kwenye nyasi mwishoni mwa zoezi, ukiongeza dakika chache kila wiki. Ngozi ya unyayo haikomai kwa usiku mmoja.

Tano, nguvu za misuli

Mbio humwingiza mtu chuoni, lakini nguvu ndizo zinazomwezesha kudumu humo. Gwaride la saa kadhaa, mizigo, na bunduki kama G3, ambayo ina uzito wa zaidi ya kilo 4, humwelemea haraka mtu mwenye mapafu mazuri na mabega dhaifu. Siku mbili kwa wiki, zisizo za mbio za vipande, fanya mzunguko wa pushapu, kuchuchumaa na kusimama, kujishikilia kwa viwiko huku mwili ukiwa umenyooka, na kujivuta juu kwenye tawi au mlingoti wa goli. Anza na seti tatu za idadi unayoiweza bila kuharibu umbo la zoezi, na uongeze moja au mbili kila wiki. Pushapu 40 zilizonyooka ni lengo zuri kwa mwanamume, na 20 kwa mwanamke. Pushapu ambayo kifua hakikaribii ardhi usiihesabu.

Mtungi wa maji wa lita 20 ni uzito wa kilo 20, na hakuna kijiji kinachoukosa. Ubebe kwa mkono mmoja mita 50, ubadilishe mkono na urudi, mgongo ukiwa wima.

Chakula, usingizi na mambo ya wanawake

Huhitaji unga wa protini wa dukani. Uji wa wimbi asubuhi, githeri au ugali na ndengu mchana, omena au mayai na sukuma wiki jioni, pamoja na matunda ya msimu, humjenga mkimbiaji vizuri kuliko vinywaji vya kuongeza nguvu vyenye sukari na kafeini, ambavyo humdunda mtu moyo kabla mbio hazijaanza. Miraa na pombe viachwe kabisa katika wiki hizi. Miraa hasa hufuta njaa na usingizi, na mwili usiolala hautengenezi misuli. Lala saa saba hadi nane. Ukipata homa usikimbie, na ukiugua malaria rudi kwenye mazoezi baada ya kumaliza dawa na kupata nguvu, ukianzia wiki mbili nyuma ya ulipoachia.

Kwa wanawake, upungufu wa madini ya chuma ndio chanzo cha uchovu kinachosahaulika mara nyingi, kwa sababu damu ya mwezi huyapunguza na mazoezi huongeza haja yake. Ikiwa mbio zinazidi kuwa ngumu badala ya kuwa rahisi licha ya kujitahidi, pima damu kabla ya kujilaumu. Fahamu pia kwamba masharti yanataka mwombaji asiwe mjamzito wakati wa usajili na katika muda wote wa mafunzo.

Siku ya uwanjani

Kula saa mbili au tatu kabla ya kuanza: viazi vitamu au mkate na chai isiyo na maziwa mengi, chakula ambacho tumbo lako limekwisha kukizoea katika mazoezi. Kunywa maji kidogokidogo tangu siku iliyotangulia. Vaa kaptura ndani ya suruali ya kawaida, beba kitambulisho cha kitaifa na vyeti halisi vya masomo ndani ya mkoba usioingiza maji, na umwachie mtu unayemwamini wakati wa kukimbia. Beba chakula cha mchana, maana mbio zinaweza kuitwa saa tatu au saa nane. Jitenge na jua unapongoja, na kila baada ya saa moja nyoosha miguu ili misuli isikauke. Usajili haulipishwi, na anayekudai chochote mpigie ripoti.

Ukiitwa kukimbia, angalia kwanza njia na mahali pa kugeukia. Mita 300 za mwanzo nenda kwa mwendo wako, si wao. Ukihisi kizunguzungu, baridi ya ghafla jasho likiwa limekatika, au misuli ikilegea, simama na uombe msaada.

Kwa wasomaji wa Tanzania, ratiba hii inafaa pia, ila masharti ni tofauti: Jeshi la Polisi Tanzania limekuwa likitaka urefu wa futi 5 na inchi 8 kwa wanaume na futi 5 na inchi 4 kwa wanawake, umri wa miaka 18 hadi 25 kwa wahitimu wa kidato cha nne, na mwili usio na michoro ya tatuu. Maombi huanza mtandaoni kabla ya usaili, hivyo ubavu wa miguu haukusaidii hadi nyaraka zako zipite.

Ukichaguliwa

Kati ya siku ya kuchaguliwa na siku ya kuripoti chuoni huwa na wiki ambazo familia husherehekea na kurutu hunenepa. Endelea na siku tatu za mbio na mbili za nguvu. Wanaopangiwa chuo cha polisi cha Kiganjo, karibu na Nyeri, watafanya mafunzo katika mwinuko wa zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za huko zina baridi kali. Kijana wa Mombasa au Lamu ataona pumzi zikimpungukia kwa wiki mbili au tatu za kwanza hata kama alikuwa wa kwanza uwanjani kwao. Akiwa na ndugu anayeishi nyanda za juu, aende akakae naye na kukimbia huko siku kumi kabla ya kuripoti, na ajizoeze kutembea saa nzima kila siku akiwa amevaa buti ngumu na soksi nene, ili malengelenge yatoke na kupona akiwa bado nyumbani.